Difu ya Kijapani ndani ya gari la Kiingereza

Jumamosi baada ya mvua, katika gereji moja ya Ngara, mama mmoja aliwasha gari kuukuu la Kiingereza aliloachiwa na babake. Awali, kila lilipoingia kwenye matope, gurudumu moja la nyuma lilikuwa likizunguka bure, lingine limelala. Alikuwa ameapa kuliuza likinasa tena. Sasa fundi alikuwa amelifungia difu, gia ya ekseli ya nyuma, ya pikapu ya Kijapani, inayolazimisha magurudumu yote mawili kuvuta.

Langoni palijaa tope. Wanaume wanaolipwa kusukuma magari walikunja suruali.

"Madhe, hiyo ndoa ya Mjapani na Mwingereza haiwezi!" mmoja alimcheka.

"Ngoja uone wakwe wakipatana," akajibu, akaingiza gia.

Magurudumu yaliuma tope, gari likapanda hadi lami, honi ikilia. Fundi alirusha kofia juu.

Wasukumaji walipiga makofi, polepole. Nairobi hatumwombei mtu anase. Tunasimama tu karibu.