Nyuki kwenye Rejeta

Jumamosi ya mwisho ya Septemba tulimzika Maganga, dereva, kijijini kwao Puge. Jina lake jema lilikuwa limepotea zamani, na nililipoteza mimi.

Nilianza ufundi wa magari Tabora mjini, katika karakana ya kampuni moja ya tumbaku. Siku ya kwanza Mkuu wa Karakana hakunipa spana. Alinisimamisha mbele ya pikapu iliyokuwa ikichemsha, akaniuliza ningeanzia wapi. Nikasema, kwenye maji.

"Anzia kwa dereva," akasema. "Gari halijui kudanganya."

Ndivyo tulivyofanya kazi. Gari likichemsha, tulinusa kwanza ndani kutafuta harufu ya mizigo ya siri, tukatazama nyuma kama kuna alama za magunia, ndipo tukashika rejeta. Dereva alisimama pembeni kama mshtakiwa.

Maganga alikuwa akienda Ipole kila wiki. Kiangazi kimoja gari lake likaanza kuchemsha, kila mara baada ya kupita Sikonge, likiwa kwenye mwendo. Likirudi karakana linanguruma vizuri, mshale wa joto umetulia. Nilikagua mkanda wa feni, wota pampu inayosukuma maji, na themostati, kile kijimlango kinachoyaruhusu maji kupita yakipata moto. Niliminya hosipaipu kwa mkono. Vyote vizima. Lakini safari moja lilirudi na nyuki wengi, wamegandamana mbele ya rejeta.

Kwetu nyuki wakifuata gari, limebeba asali. Nikaandika kwenye taarifa kwamba dereva anabeba mizigo ya watu kwa siri na gari linazidiwa. Maganga aliniambia taratibu kwamba hajabeba hata kibuyu kimoja. Nikamwuliza, kwani nyuki wamekuja kukuamkia shikamoo? Mafundi wakacheka. Tangu hapo akawa Bwana Asali. Meneja wa Usafirishaji akamwachisha kazi, na jina hilo likamtangulia kila alikoomba usukani. Akarudi Puge kulima.

Dereva mpya alikuwa mzee wa kanisa, Mmoraviani, ambaye hata Mkuu wa Karakana hakuthubutu kumnusia gari. Safari ya pili gari likachemsha palepale. Aliporudi karakana nikamwambia akanyage mafuta, nami nikainama juu ya injini. Iliponguruma kwa nguvu, hosipaipu ya chini ikanywea ikawa bapa, maji yakakosa njia. Alipoachia, ikajaa tena kama haikufanya kitu. Ndani yake huwa kuna springi ya kuizuia isinywee. Miezi michache kabla gari halijaanza kuchemsha, nikisafisha rejeta, niliikuta springi hiyo imeliwa na kutu nikaitupa, nikidhani haina kazi. Nao nyuki, kiangazi cha Ipole maji ni ya shida. Walifuata maji ya rejeta yaliyomwagika.

Nilimweleza Meneja. Akafunga jalada.

"Fundi, ukiliandika hili, atarudi yeye na utatoka wewe."

Sikuliandika. Nilikuwa na watoto shuleni, lakini hata Maganga alikuwa na wa kwake.

Nilistaafu kwa cheti na kupeana mikono. Wanaoanza kazi huniuliza siri ya ufundi. Nilifundishwa kumshuku dereva. Kuushuku mkono wangu hakuna aliyenifundisha, nami sikujifunza mapema.

Baada ya maziko niliomba nafasi, nikayasema haya mbele ya watu. Shemeji yake marehemu akauliza ninatafuta nini hapo. Baadaye mjane, Mama Kulwa, akanifuata nilipokaa.

"Kwa nini leo, fundi, na miaka yote alikuwa hapahapa?"

Nikamwambia niliogopa. Sikujua kama aliniamini.

"Gari lililomleta marehemu kutoka hospitali limechemsha njiani," akasema. "Kaliangalie, watu warudi mjini."

Nikaenda. Dereva alikuwa amesimama pembeni, ameshaanza kujitetea. Nikamwomba anieleze lilianzia wapi kuchemsha. Akaeleza. Nikamsikiliza mpaka akamaliza, ndipo nikafungua boneti.