Jibu Anajifunza Kusema Sijui

Dada yangu mkubwa anaitwa Jibu, na jina hilo hakupewa na baba wala mama. Alipewa na mtaa. Alipokuwa darasa la nne, ndiye peke yake kwetu aliyeweza kusoma ile karatasi inayokunjwa ndani ya boksi la dawa, yenye maandishi madogo kama mayai ya chawa. Watu wakawa wanakuja na chupa zao, barua zao, fomu zao. Alipojua, alijibu. Asipojua, alijibu vilevile, ila kwa sauti kubwa kidogo. Jirani mmoja alijipaka dawa ya kunywa wiki nzima kwa maelekezo yake, na tuseme ukweli, ngozi ilipendeza.

Msimcheke sana. Baba ni fundi cherehani, mama ni dobi, na shule waliiona zaidi kwa nje. Katika nyumba kama hiyo, mtoto anayejua kusoma hana ruhusa ya kutojua. Mtoto wa daktari akisema sijui, ni unyenyekevu. Mtoto wa dobi akisema sijui, ni ushahidi.

Akakua na majibu yake. Akawa fundi wa maabara hospitalini, miaka kumi na mmoja akipokea vikopo vya mkojo kwa mikono miwili kama mtu anayepewa zawadi. Akasoma shahada ya kwanza huku akifanya kazi, kisha akaingia uzamili. Utafiti wake ni juu ya vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari, vile visivyotaka kupona. Bakteria waliomo humo hujijengea utando wa ute, wakajibanza chini yake kama watu chini ya turubai, dawa ikawapita juu kama mvua. Kwenye kisahani chake cha maabara, dawa iliwaua. Kwenye mguu wa mgonjwa, ndugu zao walikuwa wanakula wanasaza.

Chuo kikafungua mpango wa kuwaandaa wanafunzi wa uzamili kwenda uzamivu katika sayansi za tiba, hasa wale ambao wakitazama picha za maprofesa ukutani hawaoni hata mmoja anayefanana na shangazi yao. Waliingia wanane. Wakafundishwa kuandika andiko la utafiti, kusoma makala na kuibishia, na kukaa mbele ya jopo la usaili. Nafasi za uzamivu zilikuwa tatu, na waliopita miaka arobaini hawakuruhusiwa kuomba. Jibu alikuwa na thelathini na tisa na miezi minane. Ilikuwa mwaka huu au basi.

Mratibu wa mpango, mama mfupi mwenye miwani ya kamba, akamfanyia usaili wa mazoezi mbele ya wenzake saba. Akamuuliza kwa nini kwenye jedwali la pili bakteria waliobaki hai wameongezeka ghafla, wakati kwenye majedwali mengine yote wamekufa. Jibu hakujua. Kwa hiyo akajibu, dakika nne, bila kumeza mate. Akalaumu dawa, akalaumu joto, akakaribia kulaumu serikali.

Mratibu akafunga daftari. "Nimejifunza kitu kimoja tu, mdogo wangu. Una pumzi."

Wenzake walipomaliza kucheka, akamweleza kwamba jopo halitafuti anachojua, maana hicho kiko kwenye karatasi zake. Linamsukuma mpaka pale ujuzi wake unapokwisha, lione atafanya nini akifika hapo. Akampa kazi ya nyumbani: wiki mbili, kila siku mara kumi, mbele ya watu, aseme sijui, kisha aseme angeanzia wapi kutafuta.

Jopo tukaliunda kwenye kibanda cha kazi cha nyumbani. Baba kwenye cherehani, mama kwenye meza ya pasi, mimi katibu, kwa kuwa nina nusu diploma na hiyo nusu ilitosha kuhesabu mpaka kumi.

Siku ya kwanza alipata sifuri. Baba alimuuliza kwa nini kisukari kinapenda miguu, akajibiwa mpaka uzi ukaisha kwenye bobini. Siku ya tatu nikamuuliza paka ana manyoya mangapi. Akavuta pumzi, akaanza, "Inategemea ni paka wa aina—" na mama akamtupia soksi ya mteja. Kufikia siku ya sita alikuwa analisema, lakini kama anatema kidonge. Nikawa nampa nusu alama.

Siku ya tisa mama alikuwa anahangaika na shati jeupe lenye doa kwenye kola. Hakuinua macho.

"Hao wadudu wako, mpaka unawamwagia dawa, wanakuwa wamekaa kwenye kisahani muda gani?"

"Siku moja, mama."

"Na mgonjwa anakuja na kidonda cha muda gani?"

"Miezi. Wengine mwaka."

"Basi doa la leo na doa la mwezi uliopita si doa moja, mwanangu. Sabuni inayotoa hili, lile linaicheka. Wako wakikaa wiki mbili, dawa itawatoa?"

Jibu akaanza kueleza kwamba vitabu vinasema utando ukikomaa unakuwa mgumu, na kwamba kuna makala kadhaa.

"Sijauliza vitabu. Nimeuliza wako."

Baba akaondoa mguu kwenye pedali. Jibu akamgeukia mama.

"Sijui," akasema.

Safari hii hapakuwa na kidonge. Nikampa alama nzima, lakini hakuwa na habari nami. Alikuwa amenyakua chaki ya baba na anaandika juu ya kitambaa cha suruali kilichotandikwa tayari kukatwa: siku moja, siku tatu, siku saba, siku kumi na nne. "Ningeanzia hapa," akawa anajisemea. Kisha akasimama ghafla, akaenda kuchukua daftari lake la maabara, akalifunua mbiombio mpaka ukurasa wa jedwali la pili. Wale bakteria alikuwa amewapanda Ijumaa, na dawa akawatilia Jumatatu. Wikendi nzima walikuwa wamekaa wanajenga.

Baba akatazama kitambaa cha mteja kilichojaa hesabu, akameza maneno yake. Namjua. Hayo yalikuwa mapenzi makubwa.

Siku ya usaili jopo lilikuwa na watu watano, na kama ilivyo ada ya majopo, lilikwenda moja kwa moja kwenye kidonda: jedwali la pili. Jibu alituhadithia baadaye kwamba alitabasamu kabla ya kujijua. Akawaambia sijui kwa hakika, nina shaka ya siku mbili za ziada, ushahidi ni kisahani kimoja tu, na hivi ndivyo ningeanza. Akatumia dakika moja. Mmoja wao akauliza wazo la umri wa utando alilipata wapi.

"Kwa mama yangu," akasema. "Ni dobi."

Simu ya mratibu ikaja baada ya siku nane, sote tukiwa kibandani. Jibu akasikiliza, akasema ahsante mara tatu, akakaa chini juu ya rundo la nguo safi. Amepata. Baba akapiga cherehani kwa nguvu bila kitambaa ndani. Mama akasimama tu, pasi mkononi, pasi imelala kwenye shati, akimtazama binti yake mpaka tukasikia harufu.

Miaka thelathini na sita hajawahi kuunguza nguo ya mtu. Jioni mwenye shati akaja, akalikunjua, akakuta kola ina ramani ya kahawia, akauliza kumetokea nini.

Mama akamtazama usoni, ametulia kama mtu aliye mbele ya jopo. "Sijui," akasema. "Lakini ngoja mume wangu akushonee kola nyingine, na wakati unasubiri nikuambie habari za binti yangu."