Kabla ya Bei, Uliza Spea

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa Spea alinipa kitambaa akaniambia nifute vumbi kwenye rafu. Nilikuwa nimevaa blauzi ya kanisani, maana nilidhani nimeandikwa kazi ya ofisi. Duka lilikuwa hapa Machakos mjini, upande wa magereji, na kwenye kaunta mwanamke nilikuwa peke yangu. Nilipomaliza akaniuliza vumbi jingi nimelitoa rafu gani. Sikuelewa swali, akanieleza.

"Spea yenye vumbi ni ya gari isiyoharibika, au ni ya gari ambayo hapa hakuna aliye nayo. Kazi yako ni kujua ni gani."

Basi nikajifunza. Mteja alileta kifaa kilichovunjika kikiwa kimefungwa kwa gazeti, nami kwanza niliuliza nambari ya chesisi, ile iliyopigwa kwenye bodi, kwa sababu gari mbili za jina moja zaweza kutumia bushi tofauti. Bushi ni vipande vya mpira vinavyokaa kati ya chuma na chuma visigongane. Barabara ya Kola, kwa mashimo yake, ilinifundisha bushi kuliko meneja.

Baadaye nikahamishiwa tawi la Mlolongo, chini ya Mkuu wa Stoo, mzee asiyecheka hata siku ya mshahara. Huyo hakutaka kusikia ukimwambia mteja "kesho" na spea bado iko ng'ambo. Alikuwa akisema, "Mwambie ukweli alie hapa, asije akalia barabarani."

Huko ndiko nilikoona watu wa fleti wakianza kununua hizi gari ndogo zilizoinuka juu. Kulikuwa na aina mbili zilizopendwa, watu wakaziita kwa rangi. Nyeupe ilitoka Japani, injini ya kawaida, na wenyewe walikuja kaunta kila mara: leo bushi, mwezi ujao shoki, zile za kupunguza mtikiso. Nyekundu ilitoka Ulaya, ina tabo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa ipate nguvu. Wenye nyekundu niliwaona mara chache sana. Lakini wakija, niliagiza, wakangoja mpaka wakaacha kunisalimia.

Sasa nimestaafu na simu hainyamazi. Nyekundu au nyeupe? Nikijibu, mtu ananiambia ameshalipa. Sasa ulikuwa unaniuliza nini? Unataka nikuombee?

Hata mkwe wangu Kyalo alinifanyia hivyo hivyo. Mke wake, binti yangu Mwende, ni muuguzi kule Kivaa, na mtoto wao Mumbua anaishi nami asome hapa mjini. Mwende hutoka kazini Ijumaa jioni, wakati hakuna gari ya abiria tena ya kutoka kule, na Jumamosi jioni anaingia zamu tena. Walichukua mkopo mmoja, na wa pili hawawezi kupata, ili mama awe anafika kwa mtoto wake kila wiki. Hiyo tu ndiyo ilikuwa kazi ya hiyo gari.

Kyalo akaja na simu mkononi, ananionyesha alama ambazo wataalamu wamezipa hizo gari mbili. Nyekundu imeshinda kwa injini, imeshinda kwa mafuta, imeshinda kwa kutoharibika. Nikamwambia alama si uongo, lakini hao wataalamu hawakai Kivaa. Bushi ya nyeupe utaipata Matuu duka lolote, na fundi yeyote ataifunga. Nyeupe itakumegea kidogo kidogo mwaka mzima. Nyekundu haili, haili, halafu siku moja inakula ghala zima.

Akacheka. Akasema hayo ni mambo ya kitambo, siku hizi spea unaagiza kwa simu ukiwa umelala. Mwende alikuwa ameinamisha macho, nami nikajua gari imeshanunuliwa. Aiya! Nilichoka hapo hapo kitini.

Nikiri pia: ilikwenda vizuri miezi kadhaa. Mafuta kidogo, kelele hakuna, na Mumbua akawa anaiita gari yetu. Kisha wota pampu, ile inayozungusha maji ya kupoza injini, ikafa huko Kivaa. Nikapigia kaunta yangu ya zamani. Kijana wa pale, wa umri wa mjukuu wangu, akaniambia, "Shosho, hiyo tumeagiza, ni kesho kutwa." Mimi huyu naambiwa kesho kutwa! Nilikata simu kabla sijatukana.

Ijumaa ikapita, na nyingine, na nyingine. Mwanzo Mumbua aliuliza mama anafika saa ngapi. Baadaye akaacha kuuliza, na hilo ndilo lililoniuma.

Jumamosi moja asubuhi nikamvisha sweta tukaenda sisi Kivaa. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia Mwende. Tulikuta gari uani, safi, kuku wamelala chini yake.

"Mwaitu," Mwende akasema hata kabla sijaketi, "mama yangu, tafadhali usiseme."

Mumbua alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu. Kisha akamwachilia, akafungua mlango wa nyuma wa gari, akapanda, akavuta mkanda akajifunga mwenyewe.

"Mami, washa. Twende nyumbani."

Mwende akanitazama mimi, maana ndimi mtu wa spea. Basi wewe unayetaka kunipigia simu kesho, nyekundu au nyeupe, anza kwa kumjibu huyo mtoto.