Mnyororo wa Mwalimu Zachariah

Zachariah Omwenga alifundisha sayansi katika shule yetu ya harambee, upande wa Sironga, nami nilifundisha Kiswahili. Mtu mwema kabisa, lakini akianza somo haoni mtu. Kuna siku alifundisha kipindi kizima amevaa shati nje ndani, na sisi wenzake tukamwacha hivyo hivyo, Mungu atusamehe.

Mwaka huo wa 1972 alikuwa na shida moja tu duniani. Ng'ombe wa mahari walishapokelewa kule Marani, lakini Bonareri, mama wa mchumba wake Nyaboke, alikuwa hajakubali siku ya harusi. Habari za shati zilimfikia. Alisema mtu wa namna hiyo atamsahau mtoto sokoni Nyakoe. Basi akatuma neno kwamba siku ya wazazi atakuja na binti yake, akae nyuma, ajionee.

Siku ilipofika alifundishia uwanjani, na somo lilikuwa protini. Akapanga wanafunzi mstari mmoja, akaeleza kwamba kila mmoja ni asidi amino. Mkono wa kushoto, upande wa amino, ulishika punje ya hindi. Wa kulia, upande wa asidi, ulishika haragwe. Mkono wa kulia wa huyu hushika wa kushoto wa jirani yake, lakini kwanza kila mkono uachilie ulichobeba. Haragwe na hindi vikianguka pamoja, hayo ndiyo maji yanayotoka, na pale mikono iliposhikana ndipo penye kifungo cha peptidi. Wanafunzi wakashikana, na kuku wa mwalimu mkuu wakaja mbio kula maji hayo. Wazazi walicheka sana, hata mimi.

Yeye wala hakuona kuku. Alisema asidi hizo ni aina ishirini tu, lakini ukibadilisha nani anasimama karibu na nani, unapata protini nyingine: hii ya nywele, ile ya damu, nyingine ya msuli. Mpangilio huo ndio unaoamua mnyororo utajikunja vipi, na ukijikunja ndipo unapofanya kazi yake mwilini. Kisha akasimama mwenyewe mwishoni mwa mstari, jasho limejaa kwenye miwani, akaona mnyororo bado mfupi. Akanyoosha mkono wa kulia, akamwomba mama mwenye mwavuli kule nyuma aje aukamilishe.

Bonareri akainuka taratibu, akaja. Nadhani alitaka kuona ujinga huu utafika wapi.

Jamani, kwetu Gusii mtu hamgusi mama mkwe wake. Hata wakikutana njiani, humpisha. Na huyu amemnyooshea mkono mbele ya kijiji kizima! Zachariah akafuta miwani kwa mkono wa kushoto, akatazama, akamtambua. Ule wa kulia ukabaki hewani, hajui aurudishe wapi. Mimi niliyemcheka siku ya shati, siku hiyo nilimwonea huruma ya kweli. Nilijua harusi imekwisha, na yeye alijua.

Bonareri hakumtazama. Aligeuka akamwita Nyaboke, aliyebaki kwenye benchi na kikapu chao.

"Njoo usimame hapa katikati."

Nyaboke akaweka kikapu chini. Mkono wake wa kushoto ukashika wa Zachariah, mbele ya watu wote, wala hakuinamisha uso. Bonareri naye akaulaza mwavuli wake kwenye nyasi, akampa binti yake mkono wa kushoto. Mnyororo ukakamilika.

Maskini Zachariah, kichwani hakuwa na neno jingine. "Hii sasa ni protini nyingine," akasema.

Bonareri alikuwa akiwatazama kuku.

"Nyaboke," akasema, "mwambie ni Desemba, shule zikifungwa. Na siku hiyo shati umvalishe wewe."