Friji ya Wafadhili Wawili

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya zahanati moja hapa Garissa, nyuma ya mama aliyetembea siku tatu na mtoto mgongoni. Kwao surua imeingia.

"Dawa iko?" aliuliza.

"Iko, mama," karani akajibu, akigonga friji kwa kalamu. "Lakini chanjo ni ya shirika moja la ng'ambo, friji ni ya shirika lingine. Bado hawajakubaliana nani atoe idhini ifunguliwe."

Mama alimkazia macho. "Wallahi, askari wanne wamenisimamisha njiani, kila mtu anataka kipande, kitambulisho changu. Hii surua hakuna mtu aliuliza kipande. Sasa itangojea hiyo idhini yenu?"

Dresa mzee aliyekuwa akifunga bendeji kando akainuka, akafungua friji, akamchanja mtoto, kisha sisi sote wa foleni.

Leo mashirika yote mawili yanamtaka dresa ajieleze kwa maandishi. Hatimaye yamekubaliana jambo!

Nikamuuliza ataandika nini.

"Majina ya waliochanjwa," akasema. "Hayo hawakuyauliza."