Wajina Wetu

Kwetu, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la baba wa baba yake. Ndiyo maana mimi, mweusi wa kutosha, mzaliwa wa mashamba ya chai ya Kenya, nilikuwa mlinzi kwenye jengo moja la Jumeirah Lake Towers, Dubai, nikiwa na jina la Kiskoti kifuani. Na ndiyo maana baba yangu aliniita "baba" tangu nilipozaliwa.

Mwenye jina lile alikuwa fundi wa mitambo katika shamba ambako nyanya yangu alichuma chai. Alirudi kwao kabla baba hajaanza kutembea. Vibarua walimwita Bwana na jina la ukoo, basi, kwa hiyo nyanya hakuwa na kingine cha kumpa mtoto. Baba alipokwenda kuposa, upande wa kuumeni haukuwa na mzee hata mmoja, wakasimama wajomba. Alikuwa akitusimulia hayo huku anacheka, na sisi hatukujua tucheke au tunyamaze.

Nilipopata kazi Dubai alikuwa tayari mgonjwa wa figo. Alinituma jambo moja tu.

"Huko kuna Wazungu wa kila aina. Watafute watu wetu. Uliza kama baba yangu aliwahi kunitaja."

Kijijini kwetu ukitaja jina la babu yako na mto mnaochota maji, mtu atakushika mkono akufikishe mlangoni. Baba aliamini Waskoti nao wanaishi hivyo. Nami niliamini, kwa nini nisiamini?

Simu za mtandaoni zilikuwa zimefungwa kule, kwa hiyo tulitumiana sauti zilizorekodiwa. Dada yangu ndiye aliyemshikia baba simu.

Wajina wetu wa kwanza alikuwa Mhindi muuza vipuri vya magari mtaa wa Ras Al Khor, jina letu limepakwa rangi nyekundu juu ya mlango wa duka. Nilimtumia baba habari hiyo, akafurahi mpaka akaomba uji. Akataka kujua kama huyo ndugu yetu ana watoto. Baadaye akahamia jengoni kwetu mwalimu mmoja kutoka Jamaika. Huyo alikisoma kitambulisho changu siku ya kwanza, akatabasamu bila furaha.

"Kwetu jina hili tuliachiwa na mtu aliyewanunua babu zetu," alisema. "Ninyi mlilipataje?"

Nilimsaidia mizigo mpaka kwenye lifti. Tangu hapo jina likaanza kunielemea.

Alibaki mzee wa Kiskoti wa ghorofa za juu, ambaye jina lake, lile lile letu, nililijua kwa vifurushi alivyoletewa. Alipita mbele yangu kila asubuhi. Kitambulisho kilikuwa kifuani pangu, herufi kubwa, naye hakukitazama hata siku moja. Mwenzangu wa zamu, Mganda mwenye utani usiokwisha, alifurahia kunichokoza.

"Ssebo, babu yako huyo anapita. Mwambie akurithishe nyumba."

"Wacha hizo."

"Sasa utamuuliza lini? Mzee wako anangoja. Yalla, muulize. Akikataa, khalas, yameisha."

Tulikatazwa kuwasumbua wapangaji, na watu walirudishwa makwao kwa makosa madogo kuliko hilo. Lakini dada alituma ujumbe kwamba baba ameacha kula. Asubuhi iliyofuata nilimsimamisha yule mzee karibu na lifti.

"Samahani, sir. Mimi na wewe tuna jina moja."

Alivaa miwani, akanisoma kifua. Akaketi kwenye kochi la wageni, mimi nikasimama kwa sababu walinzi hatuketi, nikamweleza yote. Hakuwa mtu mbaya. Afadhali angekuwa mbaya, ningepata wa kumchukia.

"Kijana," alisema, "shuleni kwetu tulikuwa wengi wa jina hili hata mwalimu akatutofautisha kwa kazi za baba zetu. Nenda Kanada, nenda Australia, utatukuta. Na wengi wetu hatuna hata undugu. Zamani watu walichukua jina la mkuu wao ili wapate shamba na ulinzi. Mimi mwenyewe sijui kama langu ni la damu."

Akauliza mzee anaumwa nini, akasema pole sana. Lifti ikafika.

Wakati wa chakula nilishuka kwenye ngazi za chini, nikarekodi. Ningeweza kutia sukari, lakini baba hakuwa mtu wa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilimwambia yote, pamoja na maneno ya mwalimu wa Jamaika. Nikamwambia wenye jina letu wako kila nchi, na wenyewe hawajui nani ni wa nani.

Jibu lilifika tukibadilishana zamu. Kwanza ilisikika sauti ya dada ikisema baba amenisikiliza mara mbili. Kisha kuku wa nje, kisha pumzi nzito ya baba. Kisha yeye mwenyewe, kwa sauti ya mtoto anayemshtakia mkubwa wake. Ndiyo sauti yake ya mwisho niliyo nayo.

"Kumbe mko wengi hivyo, baba. Na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniulizia."