Mlango wa Mzee wa Riruta

Nilikuwa mwalimu wa sekondari kwa miaka mingi, na ualimu hauvuliwi mlangoni kama viatu. Kitu kimoja kinachomshinda mwalimu ni kimya. Anauliza swali, mtoto anatazama dari, mwalimu anasubiri kidogo, kisha anajibu mwenyewe ili kipindi kisonge. Nilistaafu nikiwa na tabia hiyo nzima nzima, na ndiyo niliyopanda nayo ngazi hadi ghorofa ya tatu, katikati ya jiji, kwenye jumba la sanaa la rafiki yangu.

Nasema jumba kwa heshima tu. Vilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, na dirisha lililotazama barabara ambako mhubiri mmoja alikuwa na spika kubwa kuliko mahubiri yake. Rafiki yangu ana jicho la picha, lakini kuongea mbele ya watu kunamshinda. Kwa hiyo Jumamosi moja kila mwezi, mchoraji alipokuja kueleza kazi zake, mimi ndiye niliyekaa kando yake kumuuliza maswali. Sikulipwa na sikutaka kulipwa. Niliipenda ile kazi, tena nilipenda watu wakigeuka kunitazama, tuseme ukweli.

Walikuja vijana wa Kilimani na madaftari yao, wachoraji wengine waliofuata mandazi, na wapita njia waliodhani kuna mnada. Viti vya plastiki tulikodi. Nikianza kuongea, hata yule mhubiri wa chini nilimfunika.

Sasa, huyo mzee. Alikuwa mchoraji wa mabango huko Riruta. Kama ulipita kando ya Naivasha Road miaka ya nyuma, yule mbuzi anayecheka nje ya bucha kana kwamba hajui anauzwa ndani, ni wa mkono wake. Wale wanawake wa saluni wenye shingo ndefu pia ni wake. Mabango ya kuchapishwa yalipoingia, kazi ikaisha, naye akabaki nyumbani akichora kwenye vipande vya mbao. Alichora mlango. Si milango, mlango mmoja: wa mbao, rangi ya samawati iliyochubuka, komeo bila kufuli, na jiwe moja kizingitini. Asubuhi, mvuani, wakati wa jua kali, mlango ni ule ule. Rafiki yangu aliziona picha hizo kwa fundi wa viti aliyekuwa jirani wa mzee, akarudi akiwa hawezi hata kula.

Kabla ya siku yenyewe nilienda kwake Riruta ili tujuane. Alinipikia chai mwenyewe. Nilimuuliza habari za kazi, naye akaangalia kikombe hadi nikadhani hakunisikia, kisha akajibu, tena kwa maneno yaliyopangwa vizuri. Nilipoaga alinisindikiza hadi kwenye geti.

“Mwalimu,” akasema, “mimi huongea polepole. Usinikimbize.”

Nikamwambia hakuna shida, mzee wangu. Nilisema hivyo nikiwa tayari natazama saa.

Siku ilipofika watu walijaa hadi kwenye ngazi. Mzee alivaa koti la kanisani na kofia yake ya kila siku. Nilimuuliza habari za rangi na za mabango, naye akajibu kwa mwendo wake, nami nikawa namsukuma pale alipokwama, namalizia sentensi, natia chumvi kidogo ili vijana wacheke. Walicheka. Nilijiona mtu wa maana sana.

Karibu na mwisho, mwanamke mmoja alisimama nyuma akiwa bado na kadi ya kazi shingoni. Nilimjua kwa sura tu, ni binti wa mzee. Hakusubiri kipaza sauti.

“Baba, huo mlango ni wa wapi?”

Mzee akavua kofia. Akaishika magotini. Chumba kikatulia, mhubiri naye kama aliyekata kauli huko chini. Nikasubiri. Nawaambia, nilisubiri sana, au hivyo ndivyo nilivyoapa baadaye. Niliona watu wakijisogeza vitini, nikaona aibu kwa niaba yake, na ule ugonjwa wangu wa darasani ukanishika. Nikachukua kipaza sauti. Nikasema kwamba mlango wa mzee hauna mahali, kwamba ni mlango wa kila mmoja wetu, sote tuna nyumba tuliyotoka na hatuwezi kurudi. Maneno yalinijia yenyewe. Watu wakapiga makofi, na kijana mmoja akayaandika.

Mzee akavaa kofia yake. Akasema, “Mwalimu amemaliza.” Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Tulipokuwa tunashuka alinishika mkono, akaniambia nimeongea vizuri. Niliibeba sifa hiyo hadi nyumbani Mountain View, nikamsimulia mume wangu nikichambua sukuma wiki.

Mzee alifariki mwaka uliofuata, mvua za masika zilipoanza. Nilienda kwenye maombi, nikasimama nyuma, nikarudi. Miezi miwili baadaye binti yake alinipigia. Alikuwa amesikia kwamba mazungumzo yale yalirekodiwa, na kweli nilikuwa nimeiweka simu yangu juu ya stuli karibu na mzee, kama kawaida yetu. Nikamwambia aje Jumapili baada ya kanisa.

Alikuja na mkate na maziwa, mtoto wa watu aliyelelewa vizuri. Tulipomaliza chai akanieleza, bila haraka, na hapo nikaona amemrithi babake. Mamake aliondoka yeye akiwa bado hajajua kutembea. Hana picha yake. Mzee hakuwahi kumwambia mama huyo alitoka wapi wala waliishi wapi wakiwa watatu. Kila alipouliza, babake alisema wataongea, na hawakuongea. Kisha akaja kuona picha zile ukutani, mlango ule ule mara kumi na kitu, akajua bila kuambiwa kwamba ni wa nyumba ile. Akajipanga wiki nzima. Aliwaza kwamba mbele ya watu baba hataweza kumkwepa.

Nikamuuliza kwa nini hakurudia swali nyumbani.

“Nilirudia, auntie. Akaniambia, si mwalimu alishajibu?”

Nilishikwa na aibu. Ningekuwa mtoto ningekimbilia chumbani. Nikasema pole, na hilo neno lilikuwa dogo mno hata mimi nikalisikia. Yeye akasema si neno, anataka tu kusikia sauti ya babake, na labda mwishoni kulikuwa na kitu ambacho hakukisikia akiwa nyuma.

Tukaiweka simu mezani kati ya vikombe. Sijui kama umewahi kujisikiliza ukiongea mbele ya mtu uliyemkosea. Nilikuwa kila mahali. Mzee anaanza, mimi huyo. Mzee anapumua, mimi huyo. Binti alikaa ameinama, akitabasamu kidogo kila sauti ya babake ilipopata nafasi. Kisha swali lake mwenyewe, kutoka mbali. Kisha kimya.

Kilikuwa kifupi. Kile kimya nilichoapa kwamba kilinishinda hakikutosha kumimina kikombe cha chai. Gari lilipiga honi huko chini. Mzee akavuta pumzi, na kwa sauti ya chini, karibu kabisa na simu, akasema, “Huo mlango,” na sauti yangu ikampanda juu, ikaendelea mpaka kwenye makofi.

“Auntie, rudisha kidogo,” akasema.

Nikarudisha. Akaomba tena, nikarudisha tena. Mara ya tatu alifumba macho. Mimi nilitazama mikono yangu, maana sikuwa na pengine pa kutazama.

“Alikuwa ameanza,” akasema.

Akaniuliza kama sauti yangu inaweza kutolewa, ibaki ya babake peke yake. Nilikuwa nimewahi kuona kijana wa pale kwenye jumba akisafisha rekodi, nikampigia hapo hapo. Alisema haiwezekani, sauti zikishalaliana hivyo hazitenganishwi. Binti alisikia jibu kabla sijakata simu. Akapangusa makombo ya mkate mezani na kiganja, yote, akayaweka kwenye sahani.

“Basi nikatie kutoka kwa swali langu mpaka hapo anaposema mlango,” akaniambia. “Hapo tu, auntie. Usiongeze kitu.”

Nikakata. Nikamtumia. Maneno ya kumfariji yalikuwa yamejaa mdomoni, mazuri, yaliyopangika, na safari hii niliyaacha humo humo. Akasikiliza mara moja, akanitazama, akasubiri nami nikasubiri, mpaka akasimama akachukua mkoba wake.